Kinga ya kamongo imetoka wapi?

Vijana walipoinua wavu wa kizimba asubuhi ile, katikati ya sato waliokuwa wakirukaruka alikuwemo kamongo, samaki wa tope. Alikuwa ametoboa wavu kwa chini, akaingia, akala aliowala, kisha akakosa pa kutokea. Kijana mmoja aliachia kamba. Kamongo akikung'ata hatanii.

Baba mkubwa, ambaye amevua Ziwa Victoria upande wa Igombe tangu ujana wake, alimfunika gunia, akamkamata nyuma ya kichwa, akamgeuza tumtazame. Mgongoni alikuwa na kovu refu lililokwisha kufunga. Ncha ya mkia iliwahi kukatwa, na nyingine ilikuwa inaota.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "huyu anaishi topeni. Anang'atwa, anakatwa na nyavu, na kidonda kinafunga humo humo kwenye uchafu. Sato wako akichubuka magamba kidogo tu, kesho kutwa tunamwokota anaelea. Huyu kinga yake kaitoa wapi?"

"Nitatafuta, baba," nikamjibu.

Swali hilo limekaa nami wiki nyingi, hata nikiwa napima chakula cha samaki, hata nikiwa kwenye foleni ya daladala Buzuruga.

## Jibu la haraka halikutosha

Jibu la haraka lipo, na ni la kweli: ngozi na ute. Kuna kamongo wa aina nyingine, *Protopterus annectens*, ambaye kiangazi kikikausha maji hujifukia ardhini na kujizungushia kifuko cha ute. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kwamba kifuko hicho si ute mkavu tu. Ni tishu hai, yenye seli nyeupe zinazonasa bakteria kabla hawajamfikia mwenye nyumba. Kamongo wa ziwani kwetu hajifukii mara nyingi kama huyo, lakini ni ndugu yake wa karibu, na ukishika ngozi yake utaelewa kwa nini kidonda hakimsumbui.

Lakini baba mkubwa hakuuliza kidonda kinaponaje. Aliuliza kinga imetoka wapi.

Nikaanza kusoma usiku, baada ya hesabu za siku. Nilitafuta habari za kingamwili za kamongo, na kila njia niliyoifuata ilinipeleka kwa papa. Ziwa Victoria halina papa. Papa tunayemjua sisi wa Kanda ya Ziwa ni yule mkavu anayesafirishwa kutoka pwani. Hata hivyo, mwaka 2003 watafiti waliochunguza jeni za *Protopterus aethiopicus*, kamongo huyu huyu wetu, walikuta ana kingamwili ya aina ya IgW (Ig ni kifupi cha immunoglobulin, jina la kitaalamu la kingamwili). Kabla ya hapo IgW ilidhaniwa kuwa mali ya samaki wa gegedu peke yao: papa, taa na jamaa zao.

Samaki wa tope, wa maji baridi, ana silaha ya papa.

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa kupitisha macho, nikachukua daftari.

## Soko na magenge

Tangu wakati wa korona, sidhani kama kuna msomaji wangu asiyejua kingamwili ni nini. Kinachoshangaza ni hesabu yake. Mwili wa mtu una jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000, lakini unaweza kuunda kingamwili za maumbo yasiyohesabika, hata za kushika vijidudu ambavyo ukoo wako haujawahi kukutana navyo. Susumu Tonegawa na mwenzake Nobumichi Hozumi walionyesha mwaka 1976 jinsi inavyowezekana: ndani ya seli B, seli nyeupe zinazotengeneza kingamwili, jeni ya kingamwili hukatwa vipande na kuungwa upya. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Kingamwili yetu ya kawaida ina minyororo ya protini ya aina mbili, mzito na mwepesi. Kwetu sisi binadamu, vipande vya jeni ya mnyororo mzito vimepangwa kwenye kromosomu ya 14 kama soko moja kubwa. Upande mmoja kuna vipande vya V, takriban 40 vinavyofanya kazi. Mbele yake kuna vya D, 23. Kisha vya J, 6. Seli B changa inapita sokoni, inachukua V moja, D moja, J moja, inaviunga. Zidisha: ni zaidi ya michanganyiko 5,000, kabla hata hujagusa mnyororo mwepesi.

Papa hana soko. Ana magenge.

Hilo lilijulikana mwaka 1986, Hinds na Litman walipochunguza *Heterodontus francisci*, papa mdogo wa pwani ya California. Badala ya safu ndefu ya V ikifuatiwa na safu ya D na ya J, walikuta mafungu madogo madogo yaliyojitosheleza. Kila genge lina V moja, D mbili, J moja na kipande chake cha mkia wa kingamwili, sehemu isiyomshika adui. Kwa papa huyo magenge ya namna hiyo yanazidi 100, na yametawanyika kwenye jenomu, yaani DNA yake yote. Seli B yake haizungukii genge hili na lile ikilinganisha bidhaa. Inafungua moja na kutumia kilichomo.

Na lazima iwe hivyo, kwa sababu seli moja ikitoa kingamwili za aina nyingi kwa pamoja, mwili hauwezi kuchagua seli ya kuizalisha adui anapoingia. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba seli B ya papa nayo hushikilia mnyororo mzito wa aina moja, ingawa magenge yako mengi na kila moja lingeweza kufunguliwa.

## Kwenye maungio

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kama genge lina V moja na J moja, chaguo liko wapi? Nilidhani jibu ni wingi wa magenge. Lakini 100 si 5,000, na kuna papa wenye machache zaidi. *Ginglymostoma cirratum*, papa mpole anayelala chini ya bahari kule Karibi na ambaye maabara nyingi humtumia, magenge yake ya mnyororo mzito wa IgM, aina nyingine ya kingamwili, hayafiki 20. Kwa hesabu ya kuzidisha peke yake, mnyama huyu angepaswa kuwa maskini wa kinga. Na si maskini hata kidogo.

Nilirudia hesabu ile mara nyingi kabla ya kuona kwamba nilikuwa natazama vipande, wakati mambo makubwa yanatokea pale vinapoungana.

Vimeng'enya viitwavyo RAG, ndivyo mkasi wa kazi hii, vinapokata, ncha za vipande haziungwi zikiwa safi. Huliwa kidogo. Kisha kimeng'enya kingine, TdT, huongeza herufi za DNA ambazo hazikunakiliwa kutoka popote. Ni herufi za bahati tupu. Kwa hiyo seli mbili zikifungua genge lile lile, zikatumia V ile ile na J ile ile, zitatoka na kingamwili mbili tofauti, na tofauti itakuwa mahali nyeti kuliko pote: kwenye kitanzi cha katikati kinachomgusa adui.

Sasa hesabu maungio. Mnyororo mzito wa binadamu, V-D-J, una maungio mawili. Wa papa, V-D-D-J, una matatu.

Na kuna kingamwili ya papa yenye manne.

Inaitwa IgNAR, ilitangazwa mwaka 1995 kutoka kwa huyo huyo *Ginglymostoma*. Genge lake lina D tatu. Tena haina mnyororo mwepesi kabisa. Kingamwili yetu ya kawaida ya IgG ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi, na inamshika adui kwa minyororo miwili iliyokaa bega kwa bega. IgNAR inamshika kwa kipande kimoja cha kilodaltoni 12 hivi. Udogo huo unaipa uwezo ambao zetu nyingi hazina. Mwaka 2004 umbo lake lilipopigwa picha kwa miale ya eksirei ikiwa imeshika kimeng'enya cha laisozaimu, kitanzi chake kirefu kilionekana kimezama ndani ya mfereji wa kimeng'enya, mahali ambapo kingamwili pana ingeishia mlangoni. Ongeza kwamba damu ya papa imejaa urea, kemikali inayofungua mikunjo ya protini nyingi zikaharibika, na kingamwili hizi zinafanya kazi humo maisha yote. Ndiyo sababu maabara za dawa zinazichunguza kwa bidii.

Ngamia naye ana kitu cha kufanana. Mwaka 1993 watafiti wa Ubelgiji walikuta kwenye damu yake kingamwili zisizo na mnyororo mwepesi. Hakuirithi kwa papa, na papa hakuipata kwa babu wa ngamia. Ni koo mbili zilizofika mahali pamoja kwa njia mbili, moja baharini na nyingine jangwani. Siku niliyosoma hilo nilimpigia simu rafiki yangu daktari wa mifugo saa tano usiku ili nimweleze.

## Waliozaliwa nayo tayari

Kuna jambo jingine kuhusu magenge ya papa ambalo nimelifikiria kuliko yote.

Baadhi yake yameshaungwa. V, D na J zimeungana tangu kwenye yai na mbegu ya kiume, na mtoto anazirithi zikiwa kitu kimoja. Inaonekana kwamba zamani, kwa mababu wa papa hao, RAG ilifanya kazi ndani ya seli za uzazi, na matokeo yake yakabaki kwenye ukoo. Genge la namna hiyo halina tena maungio ya kuchezewa na TdT. Kila seli ya kila papa itakayolifungua itaanza na umbo lile lile.

Kwa mara ya kwanza niliona hasara tupu. Mfumo mzima umejengwa juu ya bahati, halafu sehemu yake inaacha bahati?

Kisha nikakutana na matokeo ya mwaka 2001. *Ginglymostoma* ana IgM moja ya aina hiyo, iliyoungwa tayari, na hutolewa kwa wingi kwa papa wachanga, kisha hupungua kadiri wanavyokua. Mtoto wa papa akizaliwa haongozwi na mama. Anaingia majini peke yake, na seli B zake bado hazijapata muda wa kujaribu maungio mengi. Mimi nadhani, na sisemi kwamba imethibitishwa, kwamba umbo lile lisilobadilika linamfaa dhidi ya maadui wa kila siku ambao kila papa aliyewahi kuzaliwa amekutana nao. Bahati ni nzuri kwa adui mgeni. Kwa adui wa siku zote, kurithi kunatosha.

Sato wangu si papa, na siwezi kuhamisha jambo hili kizimbani moja kwa moja. Lakini tangu nisome hayo, nikipokea vifaranga kutoka kituo cha kutotoleshea, swali langu la kwanza si tena uzito wao. Nauliza wamefikia umri gani, wameshikwashikwa mara ngapi njiani, wamekaa kwenye maji ya joto gani. Samaki mdogo sana hata ukimchanja, viungo vyake vya kinga havijakomaa kuipokea chanjo. Kuna hasara inayoanza kabla kifaranga hajaingia ziwani.

## RAG yenyewe

Nikarudi kwenye swali la baba mkubwa kwa namna nyingine. Kama kinga hii yote, ya papa, ya kamongo na ya mtu, inategemea RAG kukata na kuunga, basi RAG imetoka wapi?

Jibu ni la ajabu kuliko nilivyotarajia. Kwenye jenomu za viumbe kuna vipande vya DNA vinavyohama, vinavyojikata kutoka mahali pamoja na kujipachika pengine kwa faida yao wenyewe. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba RAG, ikiwekwa kwenye chupa ya maabara, inaweza kufanya hivyo hivyo: inakata kipande na kukipachika kwenye DNA nyingine. Mwaka 2016 ikapatikana jamaa yake, iliyopewa jina la ProtoRAG, kwenye amfioksi, kiumbe mdogo wa baharini asiye na taya wala uti wa mgongo kamili. Huko bado ina alama za kipande kinachohama.

Kwa hiyo picha iliyopo ni hii: kipande kimoja cha namna hiyo kiliingia katikati ya jeni fulani ya babu wa samaki wenye taya, kikaigawa. Jeni iliyogawanyika haifanyi kazi mpaka iungwe, na kila ikiungwa inatoka tofauti kidogo. Uvamizi ukawa chanzo cha kinga.

Si lazima ingekuwa hivyo. Lamprei, samaki asiye na taya, hana kingamwili kama zetu. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba yeye hutumia protini za ukoo mwingine kabisa, ambazo nazo huungwa kwa vipande tofauti tofauti katika kila seli. Anamkabili adui yule yule kwa vifaa ambavyo havihusiani na vyetu.

## Si ngazi

Katika mengi niliyosoma nilikutana na ngazi. Papa chini, chura katikati, mtu juu. Magenge yanaitwa ya kale, na soko letu linaitwa maendeleo.

Ngazi hiyo ilikuwa na sababu. Tangu miaka ya 1960 papa waliochomwa vitu vigeni walionekana kujibu polepole, na kingamwili zao hazikuonekana kuboreka kadiri muda ulivyopita kama za sungura au za mtu. Ikaaminika kwamba papa hana uwezo huo. Mwaka 2006 kundi lililofuatilia IgNAR kwa subira lilionyesha kwamba inabadilika na kumshika adui kwa nguvu zaidi baada ya chanjo kurudiwa. Jibu linachukua miezi, lakini lipo. Mwaka 2012 ikaonekana kwamba IgM ya papa inaweza hata kubadilisha mkia, kwa kuunganisha V iliyoungwa kwenye genge moja na mkia wa genge jingine, jambo lililodhaniwa kuanza kwa chura.

Halafu mwaka 2018 likaja jambo ambalo ngazi haina pa kuliweka. Kwenye tezi ya thaimasi ya papa, vipokezi vya seli T, ndugu za seli B katika kinga, navyo hubadilishwa herufi kwa njia ambayo sisi tunaitumia kwa seli B tu. Ni njia ya kuongeza aina, na papa anaitumia mahali ambapo mtu haitumii.

Papa wa leo ametembea miaka mingi sawasawa na sisi tangu tulipoachana, na ni miaka milioni 450 hivi. Magenge yake si rasimu ya soko letu. Ni kazi iliyokamilika kwa namna yake, na mimi sioni tena sababu ya kuiita duni.

## Undugu wa IgW

Inabaki ile IgW ya kamongo.

Matokeo ya 2003 yalileta utata, na waliouandika waliukiri. Kamongo ana IgM na ana IgW ya aina mbili, fupi na ndefu, kama papa. Samaki wa mifupa wa kawaida kama sato na sangara hawakuonekana kuwa nayo. Wala chura, wala ndege, wala sisi. Lakini kamongo ni ndugu wa karibu wa wanyama wa miguu minne kuliko alivyo ndugu wa sato. Ingebidi tuseme koo mbili zimeipoteza, kila moja kivyake, akabaki nayo yeye tu.

Mwaka 2006 utafiti wa chura *Xenopus* ulifungua fundo hilo. Chura huyo alikutwa na IgD, na muundo wake ulionyesha kwamba IgD na IgW zinatoka shina moja. Haikuwa imepotea. Ilikuwa imebadilika sura, ikapewa jina jingine na watu waliokuwa wakichunguza wanyama wengine. IgD ipo kwa samaki wa mifupa. Ipo kwako unayesoma, juu ya ngozi ya seli B iliyokomaa ambayo bado haijakutana na adui, ikikaa pamoja na IgM.

Kwa hiyo kamongo hakuazima chochote kwa papa. Wote wawili walirithi nyumba moja, na sisi tuna chumba chetu humo humo.

## Silikanti

Nilidhani nimemaliza, nikafika kwa silikanti wa Tanga, samaki wa bahari ya kina kirefu.

Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2013. IgM ndiyo kingamwili iliyokuwa ikihesabiwa kuwa haikosekani kwa mnyama yeyote mwenye taya, kuanzia papa mpaka mtu. Silikanti hana. Watafiti waliitafuta mahsusi na hawakuiona. Walichokikuta ni IgW, sehemu mbili.

Inawezekana IgW imeshika kazi yote ya IgM, na ndivyo ninavyoelekea kuamini. Lakini inashikaje? IgM ndiyo inayotangulia kutolewa mwili unapokutana na adui mpya, na kwa binadamu ndiyo inayokusanyika tano tano kumzinga. Kwa silikanti, nani anatangulia? Swali hilo halijibiwi kwa kusoma jenomu. Linahitaji damu, linahitaji seli hai au zilizohifadhiwa vizuri, na silikanti analindwa, anaishi kwenye kina kirefu, na hapaswi kuvuliwa.

Hata hivyo, tangu mwaka 2003 wavuvi wa pwani yetu wamekuwa wakimpata bila kukusudia, hasa upande wa Tanga, kwenye jarife zilizotegwa kina kirefu. Jarife hizo hutegwa kwa ajili ya papa. Kama kuna kijana wa Kitanzania anayesomea kinga ya wanyama na hajapata mada ya utafiti, ninamwomba aanzie hapo: apange mapema na mamlaka ya hifadhi na wavuvi, ili siku silikanti atakapopandishwa akiwa amekwisha kufa, sampuli ya damu na ya bandama iwe kwenye barafu kabla jua halijapanda.